Harusi ya Malachi

Dublin,
Jumatano, 9 Juni 1976

Baba mpenzi,

Tumefika, tumekula, tumelala, na bado tumeoana. Niliahidi kukuandikia siku ya kwanza na leo ni ya nne, basi weka akiba ya maneno, utanigombeza nikirudi.

Tumepanga chumba kwa mjane mmoja, Bi. Furlong. Alitutazama vidole kwanza, akaziona pete, ndipo akatoa ufunguo. Nyumba yake ina picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu kila chumba, na ya kwetu iko juu ya kitanda kabisa, na taa yake nyekundu haizimwi. Malachi anasema ni kama kulala mbele ya padri. Asubuhi Bi. Furlong anatupa soseji, mayai na mkate wa magadi, kisha anasimama mlangoni kuhakikisha tumemaliza.

Muziki wa hapa, Baba, acha tu! Jumatatu ilikuwa sikukuu, wapigaji wamekuja kutoka kaunti zote na wengine hawajui tena njia ya kurudi kwao. Unaingia baa kukwepa mvua, unakuta duara la watu saba, fidla tatu, filimbi mbili, na mzee mmoja amelala huku mguu wake unagonga mdundo. Jana mchana Malachi naye alitoa filimbi yake, wakamshangilia mno. Alipiga zile zake za kila siku tu.

Ijumaa tunakwenda Kilkenny, Jumatatu tutakuwa Waterford, kisha Cork, kisha Galway. Ukiandika, tuma posta kuu ya Waterford, nitapita kuuliza. Jumamosi ya tarehe 19 tunakuja kwako, na kesho yake ni siku aliyotutoka Mama, tutakaa naye kama kila mwaka.

Mkono unaendeleaje? Tafadhali usikamue ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Mwite Shangazi Delia, amezeeka lakini ana mikono ya mhunzi.

Mwanao akupendaye,
Finola
(Bi. Hehir! Nikiitwa hivyo nageuka kumtafuta mama yake Malachi.)


Kilbrack, Clare,
11 Juni

Finola mwanangu,

Barua yako imefika. Padri aliniuliza habari zenu nikamwambia mnalala mbele yake. Hakucheka.

Ng'ombe anakamuliwa na Delia, na huku anakamua ananisema, kwa hiyo maziwa yanakuja na mahubiri. Uliuliza mkono. Umekuwa kama mguu wa kuku, ukishajikunja haukunjuki mpaka uukande kwa maji moto. Jana nilifunga dirisha la jikoni, nikatoa fidla, nikajaribu wimbo wa mama yako ili nisije nikaaibika tarehe ishirini. Sehemu ya kwanza ilikuja. Ya pili, pale panapopanda, kidole kidogo kiligoma. Mwaka jana kiliniuma lakini kilitii. Nikairudisha fidla kwenye sanduku lake, nikakaa. Sikulia, ila sikufanya kitu kingine chochote mpaka Delia alipokuja na ndoo.

Si neno. Ndiyo maana nilimfungia Malachi jikoni siku tatu kabla ya harusi. Majirani walidhani namhoji kuhusu mali, wakati mali yenyewe wote tunajua hana. Vidole vyangu vimekwisha, lakini wimbo anao yeye, kila noti, nami nimeridhika. Tarehe ishirini atampigia mama yako Nonie yeye, mimi nitakaa nisikilize kwa mara ya kwanza tangu niutunge. Miaka saba nimeupiga mara moja kwa mwaka, dirisha limefungwa, na haujawahi kutoka nje ya kuta zile. Nilimwambia Malachi: hautoki mpaka siku mtakayonitoa mimi kwenda kuzikwa. Mama yako aliona haya hata jina lake likisomwa kanisani. Nikamtandaze kwenye mabaa?

Mwambie pale panapopanda asikimbie. Apande kama mtu anayepanda ngazi na taa mkononi, haogopi giza, anaogopa taa isije ikazimika.

Kuleni vizuri. Nyama ya Cork ni nzuri kuliko ya Waterford.

Baba yako,
Murt Considine


Waterford,
Jumatatu, 14 Juni

Shangazi Delia,

Barua hii usimwonyeshe Baba. Isome, kisha itupe kwenye moto.

Nimeketi kwenye ngazi za posta. Nimetoka kusoma barua ya Baba. Nimefanya jambo baya, nami nimemdanganya kwa maandishi.

Ilikuwa Jumanne, Dublin. Tulikuwa kwenye baa moja, na saa nane na nusu ikafika, ile saa ambayo sheria inataka baa zifungwe mchana. Mwenye baa hakututoa. Alifunga mlango kwa komeo, akavuta mapazia, akasema, "Aliye ndani ni mgeni wangu, na mgeni wangu asipige kelele." Tulikuwa watu ishirini hivi. Walikuwa wakiimba kwa zamu, kila anayemaliza anamwita mwenzake, na unajua mwenyewe, aliyeitwa hakatai. Nikaitwa mimi, bibi harusi. Nikaimba. Nilipomaliza wakapiga meza: "Mwite mtu! Mwite mtu!" Nikamwita mume wangu. Ningemwita nani?

Malachi akashika filimbi, akataja wimbo. Wakasema, "Huo umeshapigwa." Akataja wa pili. "Huo nao tumeumaliza kabla hamjaagiza." Wa tatu ulikuwa wimbo wa mzee aliyekuwa pale pembeni, na wimbo wa mtu huupigi mwenyewe akiwa amekaa. Mwanamke mmoja akacheka: "Maskini dada yangu, umeolewa na bwana harusi mtupu!" Wakacheka wote. Hawakuwa na ubaya, Shangazi, lakini masikio ya Malachi yalikuwa mekundu, nami nikaona uchungu. Nikamwambia mbele yao, "Piga wa Baba." Akanitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, mimi tu nikaona. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekuita, Malachi." Mlango ulikuwa umefungwa, mapazia yamevutwa, hata mvua ya nje haikusikika. Nilijiona niko jikoni kwetu. Naapa nilijiona niko jikoni kwetu.

Akaupiga. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Yule mwanamke aliyecheka alikuwa anafuta macho kwa aproni. Nilijivuna, Shangazi. Kwa muda wa dakika moja nilijivuna kuliko siku ya harusi.

Kumbe bwana mmoja, Cathal Rooney, alikuwa na kinasa sauti mezani, amekifunika kwa koti kisimwagikiwe na bia. Ni mtu mwema, anakusanya nyimbo zisipotee. Akasema, "Huu umekwisha kuokoka!" Akampa Malachi namba yake ya simu. Malachi alimwomba asiusambaze. Akacheka: "Kijana, wimbo si ng'ombe wa kufunga kamba." Kesho yake mchana tulipita baa nyingine tukausikia. Walikuwa wameuharakisha. Umekuwa wa kuchezea dansi, miguu inagonga sakafu. Kilkenny tuliukuta umetangulia, na una jina. Wanauita "Harusi ya Malachi".

Malachi hanilaumu. Afadhali angenilaumu. Jana alitembea peke yake kando ya mto akipiga mluzi, anaanza taratibu, na kabla hajafika mbali mluzi unaanza kukimbia, ananyamaza, anaanza upya.

Nakuomba, watu wa muziki wasifike kwa Baba wiki hii. Wafukuze, sema ana homa. Ikipita tarehe ishirini nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono.

Finola


Kilbrack,
16 Juni, asubuhi

Finola,

Nimeichoma barua yako, na kidole changu pamoja nayo, kwa kuwa niliisoma mara ya pili ikiwa tayari inawaka.

Mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisemi zaidi. Nasema kidogo zaidi: ungemwambia baba yako Jumatano ileile, angekasirika, angepiga mlango, angekwenda kuangalia majani ya ng'ombe kwa saa tatu na kurudi akitaka chai. Namjua tangu akiwa na kamasi. Sasa umemtengenezea uongo, na uongo una miguu mifupi lakini kijiji chetu nacho ni kifupi.

Nimefanya ulichoniomba. Nimemwambia kila mtu Murt ana homa. Matokeo yake ni kwamba jana watu sita wamekuja kumtazama, mmoja akiwa na fidla ya kumliwaza. Nimewarudisha langoni. Baba yako alikuwa juu ya paa anatengeneza bati, wakamwona, wakanitazama mimi. Sasa wanasema Delia ameanza kuchanganyikiwa.

Junior Talty amerudi kutoka Dublin. Unamkumbuka, yule mwenye miaka arobaini na tano, bado anaitwa Junior kwa sababu baba yake hataki kufa. Alisimama dukani akasema ana wimbo mpya wa kutoa watu jasho. Nilimuuliza jina la wimbo, akalitaja. Nikamwambia akikanyaga kwa Murt kabla ya Jumatatu nitamfungulia mbwa. Akasema, "Bi. Delia, huna mbwa." Ni kweli, sina.

Siwezi kusimama barabarani mchana na usiku, mwanangu. Nina kuku pia. Mwandikie leo hii.

Shangazi yako,
Delia


Cork,
16 Juni

Kwa Bwana Considine, mkwe wangu,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Finola hajui kama nakuandikia. Amekwenda sokoni kukutafutia nyama, kwa kuwa ulisema ya Cork ni nzuri.

Wimbo wa Mama Nonie nimeupiga nje. Ni mimi. Ilikuwa Dublin, ndani ya baa, tarehe nane. Nilikuwa na kinywa na ningeweza kukataa, sikukataa. Mtu aliunasa kwenye mashine, wengine waliushika kwa masikio, sasa unapigwa huku na huku, na si kama ulivyonifundisha. Wameupa jina langu. Sikuwaomba, lakini jina ni langu, basi na kosa ni langu.

Ulinikabidhi kitu kimoja. Siku tatu ulinivumilia jikoni, mimi na filimbi yangu mbovu, na ulipoona nimeupata ulinimiminia chai mwenyewe kwa mkono ule unaouma. Naikumbuka chai ile kila siku.

Tarehe ishirini nitaupiga kama ulivyo, Mungu akipenda. Ukitaka nisije, nitakaa kituoni Ennis nimsubiri Finola.

Malachi Hehir


Kilbrack,
Alhamisi, 17 Juni
(kwenda posta kuu ya Galway)

Malachi,

Barua yako imefika leo asubuhi. Junior Talty alifika jana jioni. Amekushinda kwa saa kumi na nne.

Delia alikuwa amekwenda kufungia kuku. Talty akaingia bila hodi: "Murt! Wamesema unaumwa, kumbe mzima kama kengele. Nimekuletea kitu, utajilamba vidole!" Nikamwambia vidole vyangu havina ladha tena. Akasema, "Niazime fidla yako basi, inalala bure." Nikampa. Angekuwa ameniomba kiatu ningempa pia, sikuwa na wasiwasi wowote. Akavuta kiti karibu na jiko. Kile cha Nonie. Hakujua, watu wamesahau. Akakaa, akaanza kugonga mguu.

Noti tatu za kwanza nilifikiri nimekufa. Nilifikiri ndivyo inavyokuwa, unakufa na unausikia. Kisha ukakimbia. Alipofika pale panapopanda alipapita kama mtu anayeruka mfereji, hata hakutazama chini. Mara tatu aliuzungusha. Alipomaliza uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, na mimi nikamuuliza unaitwaje.

"Harusi ya Malachi! Ni wa mkweo, bwana wee. Kwani hakukupigia?"

Nikamwambia nadhani aliwahi kunipigia kidogo. Nikampa chai na kipande cha ile keki yenu ya harusi. Ungefanyaje? Mtu amekuja nyumbani kwako na zawadi.

Alipoondoka nilifunga dirisha. Mkono niliukanda, nikachukua fidla, nikaanza. Ukatoka wa Talty. Nikaacha, nikasali Salamu Maria, nikaanza tena. Ukatoka wa Talty. Niliutunga kwa wiki nne mwaka ule, noti moja moja, nikiwa siwezi kula, na umeondolewa kichwani mwangu kwa dakika tano na mtu anayekula keki yangu.

Nimekukasirikia sana. Nataka ujue hivyo, maana barua yako ni ya kiungwana na inaweza kunifanya nisahau. Lau ningekuwa na mwingine ningekwambia ukae huko Ennis mpaka uote majani. Lakini sina. Aliyenipotezea wimbo ndiye huyohuyo aliyenao, na mimi sina pa kukimbilia ila kwako. Njoo Jumamosi. Jumapili utaupiga mara moja, polepole, nami nitaushika tena. Hata kama vidole havitaki, kichwa kitakuwa nao. Nataka hilo tu. Mengine tutasemezana baadaye, au tusiyasemezane.

Usimsumbue Finola kwa hili. Hana kosa.

Murt Considine


Galway,
Ijumaa, 18 Juni, adhuhuri

Baba,

Barua hii nampa dereva wa basi la Ennis, ni yule Bwana Lillis aliyecheza na Shangazi kwenye harusi, ameahidi kuiacha dukani leoleo. Nataka uisome kabla hujatuona. Uso kwa uso nisingeweza.

Umeandika kwamba sina kosa. Malachi alinisomea mstari ule kisha akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akasema, "Baba yako amesema, basi yaishe." Ningenyamaza ningekuwa mtu wa namna gani? Baba, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwita. Alikataa kwa kichwa, mimi nikamlazimisha kwa desturi, mbele za watu, kwa sababu walimcheka na mimi sikutaka kuchekwa. Kwa kila alichokuandikia amejitwisha mzigo wangu. Niliruhusu. Siku tisa niliruhusu, na nilikuandikia kwamba alipiga zile za kila siku.

Kuna lingine, na hili ni baya zaidi. Wimbo hana tena.

Tangu Cork anajaribu. Hapa Galway mwenye nyumba ametupa chumba cha juu ghalani, tusisumbue wageni. Anaanza asubuhi. Mwanzo anaupata, noti sita, saba, kama ulivyokuwa. Kisha kifua chake kinaanza kugonga mdundo wa wale wengine na vidole vinafuata. Nimemwambia nitamhesabia taratibu kwa mkono mezani; mkono wangu nao unakimbia. Nimejaribu kuuimba mimi. Nimeusikia kila mwaka tangu nikiwa na miaka kumi na sita, nimekaa kwenye ngazi nje ya mlango wa jikoni, hukujua. Nilidhani ninao. Nikifumba macho namwona Mama, naona taa, naona wewe, na ninachosikia ni miguu ya watu wa Kilkenny.

Jana Malachi alipiga simu kwa yule Bwana Rooney. Tulikuwa na tumaini hilo moja, mashine yake. Alifurahi sana kumsikia. Akasema ile tepu ameshanasa nyimbo nyingine juu yake, maana akishaushika wimbo kwa vidole haoni haja ya kuuhifadhi, na tepu ni ghali. "Lakini usihofu hata kidogo," akasema, "uko mikono salama. Nimeshawafundisha watu thelathini." Malachi akamshukuru. Kisha akasimama ndani ya kile kibanda cha simu muda mrefu, watu wakaanza kugonga kioo.

Jana kulikuwa na muziki barabara nzima, kila mlango. Tulipita tukiwa tumeziba masikio kama vichaa, bibi na bwana harusi. Watu walitucheka. Kwenye mlango wa tatu walikuwa wanaupiga.

Kesho tunakuja na basi la saa nane. Sijui tunakuja kufanya nini. Ukifunga mlango nitauelewa mlango.

Finola


Kilbrack,
Jumanne, 22 Juni
(kwenda Limerick, nyumba ya Reli)

Finola na Malachi,

Natumaini nyumba yenu mpya haivuji na kwamba wakubwa wake wa kazi ya reli wamemwachia Malachi hata nusu siku apumzike. Jumapili niliongea maneno machache. Delia alikuwepo, na Delia akiwepo maneno ya watu wanne yanatoka kwenye kinywa kimoja. Basi nayasema sasa.

Kwanza kwako, Finola. Niliposoma barua aliyoleta Lillis nilimkasirikia Malachi mara ya pili, kwa kukuficha. Halafu nikaona kwamba kama angekuja kwangu na kusema, "Ni binti yako," ningempunguzia heshima maisha yangu yote. Wewe sijakusamehe kabisa. Sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha. Itakuja, kama ilivyo kawaida, siku nitakapokuwa nashughulika na jambo jingine.

Sikujua ulikuwa unakaa kwenye ngazi. Ningekuachia mlango wazi.

Malachi. Jumapili uliiweka filimbi mdomoni mara tatu. Nilikuwa nahesabu, sikuwa na kazi nyingine. Mara ya kwanza nilitumaini. Mara ya pili niliona shingo yako. Mara ya tatu uliishusha magotini, ukasema, "Baba, sina." Mwaka mzima umemchumbia binti yangu ukiniita Bwana Considine, hata nilipokuambia uache. Ukaniita Baba siku ambayo hukuwa na kitu cha kunipa.  Nilikwenda kutazama majani ya ng'ombe, na Delia atakuwa amewaambia hiyo ndiyo tabia yangu.

Sasa wimbo haupo. Nimekaa nao siku mbili, na hivyo ndivyo ilivyo. Wewe huna, mimi sina, mashine haina. Watu thelathini wanao, na hakuna hata mmoja anao. Nilijaribu kuutunga upya jana asubuhi. Lakini mwaka ule nilikuwa mtu mwingine, mkewe hata mwezi hajamaliza kaburini, na huyo mtu naye siwezi kumpata.

Nitawaambia lililotokea jana jioni, kisha nifunge barua, posta wanakuja saa nne.

Nilikuwa nakunywa chai. Junior Talty akapita barabarani kwa baiskeli, anakwenda kwa baba yake, na alikuwa anaupiga kwa mluzi. Hajui kitu, Delia hajamwambia, na msimwambie nanyi. Niliinuka haraka kwenda kufunga dirisha. Nikalikuta limefungwa. Nililifunga Jumapili mwenyewe, kwa ajili yenu, na nikasahau kulifungua.

Siku mama yako alipokufa nilifungua dirisha hilo hilo ili roho yake itoke, na baada ya saa mbili nikalifunga isije ikarudi, kama huku wote tunavyofanya. Nadhani sikulifunga kwa sababu hiyo. Nadhani nilifikiri bado yumo.

Basi nilisimama pale, nusu ya mluzi ule inapita kwenye kioo na nusu haipiti. Nikaanza kulifungua. Komeo ni gumu na mkono huu mnaujua, ilinichukua muda. Lilipofunguka Talty alikuwa ameshafika karibu na kona ya Delia. Aliupita pale panapopanda bila kupunguza mwendo, mjinga yule. Nikasikiliza mpaka alipokata kona.

Njooni Agosti, tukivuna majani. Malachi alete filimbi. Atapiga chochote.

Baba yenu,
Murt